Mada ya Jumamosi: siasa zilizomo ndani ya blokicheni

Ndugu wanakikundi,

Kikao cha Jumamosi kitafanyika Mwanga, mahali petu pa kawaida hapa Kigoma, kuanzia saa kumi alasiri. Tutajadili itikadi zilizozaa blokicheni, yaani daftari la miamala ambalo nakala zake hushikwa na kompyuta nyingi pasipo mhazini mmoja. Bei za sarafu za kidijitali zinazotumia daftari hilo tusiziguse. Wenye kuzipigia debe wana makundi yao.

Mwaka 1976 mwanauchumi Friedrich Hayek alipendekeza serikali ziondolewe ukiritimba wa kutoa fedha, na mwaka 1988 Mmarekani Timothy May aliandika tamko lililotabiri kwamba usimbaji wa siri, yaani kuficha ujumbe ili usomwe na mwenye ufunguo tu, ungedhoofisha uwezo wa dola wa kutoza kodi na kudhibiti biashara. Mawazo hayo yanasikika katika Bitcoin, sarafu ya kidijitali ambayo bloku yake ya kwanza, yaani fungu la kwanza la daftari lake, ya tarehe 3 Januari 2009, ilibeba kichwa cha habari cha gazeti la Uingereza kuhusu serikali kukaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili.

Naomba tukae zaidi kwenye mkasa wa mwaka 2016 wa Ethereum, blokicheni nyingine, ambapo baada ya mfuko uitwao The DAO kuibiwa, wengi waliamua kuibadili kumbukumbu iliyosemekana haibadiliki, na waliokataa wakabaki na daftari lisilobadilishwa, liitwalo Ethereum Classic. Kwa maoni yangu, mamlaka hayakutoweka. Yalihamia kwa waandishi wa programu na wenye kompyuta zinazoendesha daftari.

Atakayependa kumtetea May aniandikie kabla ya Ijumaa.

Mratibu