Mwanangu, Mizani Haijui Kilichopungua

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza kwamba unakimbia siku 6 kwa wiki, kwamba umepungua kilo 5 katika mwezi mmoja, na kwamba umeacha kunyanyua vyuma kwa sababu kila uliponyanyua, kesho yake mizani ilipanda. Bidii yako inanifurahisha. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha nikuandikie.

Mizani hupima maji, mafuta, misuli, mifupa na hata chakula cha jana kwa pamoja, wala haiwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo kilichopungua. Siku za mwanzo sehemu kubwa ya uzito unaoondoka ni maji, kwa kuwa mwili hutumia akiba ya wanga iliyomo katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo huwa imeshikana na takriban gramu 3 za maji. Misuli nayo, ikifanyishwa kazi isiyoizoea, huvimba kidogo na kushika maji kwa siku kadhaa. Hicho ndicho ulichokiona kwenye mizani. Hayakuwa mafuta, kwani ili uongeze kilo 1 ya mafuta ungelazimika kula takriban kalori 7,700 zaidi ya mahitaji yako, jambo ambalo hata wewe, pamoja na sifa zako za utotoni mezani, usingeliweza kwa usiku mmoja.

Mwili unaopata chakula pungufu hutafuta nishati popote inapopatikana, na misuli isiyopewa kazi nzito ni miongoni mwa vitu unavyoanza kuvipunguza. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Nilipokaribia miaka 40 nilikimbia na kujinyima mpaka suruali zote zikanipwaya, watu wakanisifu, lakini nikipanda ngazi na mzigo mkononi mapaja yalitetemeka kama ya mtu aliyetoka kuugua. Nilipochoka kujinyima, uzito ulirudi wote. Nguvu haikurudi nao.

Sikuambii uache kukimbia, kwa maana moyo na mapafu yako yanakuhitaji ukimbie. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo unaweza kuzungumza huku ukiyafanya ila huwezi kuimba, au nusu ya muda huo ikiwa ni mazoezi makali. Na juu ya hayo, siku 2 au zaidi za mazoezi ya nguvu yanayogusa misuli yote mikubwa. Wengi husoma sehemu ya kwanza wakaishia hapo.

Kwa hiyo ningependa ukimbie siku 3, na siku nyingine 2 au 3, zisizofuatana, uzitoe kwa nguvu: kuchuchumaa na kusimama ukiwa na uzito, pushapu, kuvuta, na kuinua mzigo kutoka sakafuni. Mzigo uwe wa kiasi ambacho marudio mawili au matatu ya mwisho yanakutoa jasho bila kukuharibia mkao. Ukilazimika kufanya yote siku moja, anza na vyuma ukiwa bado na nguvu, kisha ukimbie.

Kuhusu chakula nitasema machache: kinachopunguza uzito zaidi ni sahani, si viatu vya kukimbilia. Usilenge kupungua zaidi ya nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, na ikiwa figo zako ni nzima, ule protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Usingizi pia usiupunje.

Tafuta utepe wa kupimia, ujipime kiuno kila baada ya wiki 2, asubuhi kabla hujala. Utakaponiandikia tena, anza kwa kunitajia kipimo hicho na idadi ya pushapu unazoweza kupiga bila kupumzika. Za mizani utaniambia mwishoni, nafasi ikibaki.

Ni mimi baba yako.