Si ugonjwa wa ajabu, ni jino

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini habari ya yule kijana aliyefariki shingo ikiwa imevimba imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako kauita "ugonjwa wa ajabu", kisha kawaachia majirani waseme karogwa. Humohumo mama yake anasema mwanawe alilalamikia gego la chini wiki nzima! Jibu lilikuwa hapo, mkalipita.

Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836. Maambukizi ya magego ya chini hushuka chini ya ulimi na taya, ulimi ukasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa ikaziba.

Shemeji yangu yalimkuta. Shavu lilipovimba alikwenda duka la dawa, akauziwa amoksilini nusu dozi na vidonge vya maumivu. Maumivu yakatulia, uvimbe ukazidi kushuka. Kituo cha afya wakatuambia jino lililovimba haling'olewi, arudi uvimbe ukiisha. Usiku wa pili alikuwa ameketi kitandani kainama mbele, kulala chali hawezi, mate yanachuruzika kwenye khanga ya dada yangu maana kuyameza kumemshinda, anaongea kama mwenye ugali wa moto mdomoni. Hospitali ya rufaa hawakungoja uvimbe uishe. Walimpasua chini ya kidevu, usaha ukatoka chumba kizima kikanuka, wakamwekea mipira ya kuutoa na dripu za dawa, na jino likang'olewa usiku uleule. Amepona, kovu analo. Lakini aliyeturudisha nyumbani bado anawaambia wagonjwa maneno yaleyale, na nusu ya mtaa wetu inayaamini, wakati jino ndilo chanzo chenyewe!

Tena ukurasa wenu wa matangazo una mganga anayetoa "meno ya plastiki" ya watoto wachanga. Yale ni meno halali yanayochipuka, na wapo wanaoyachokonoa kwa spoku ya baiskeli. Pesa ile mnaipokeaje?

Naomba kila duka la dawa libandike karatasi: mwenye uvimbe wa jino aambiwe afungue mdomo. Vidole viwili visipoingia, au ulimi umeinuka, au mate hayamezeki, asiuziwe kidonge. Akimbizwe hospitali yenye upasuaji saa hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo. Maneno ya karatasi nitayaandika mimi, nanyi myachape bure pale anapokaa yule mganga.

Msomaji wenu,
Morogoro