Makocha wa Big Ten hawapangwi kwa idadi ya ushindi

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani unapokaribia, hutoka orodha za makocha wa konferensi, kuanzia wa kwanza hadi wa mkiani. Mabishano huwa makali zaidi kwa Big Ten, mojawapo ya konferensi hizo (yaani ligi za vyuo), na mara nyingi yanaanzia na kuishia kwenye swali moja: nani kashinda mechi nyingi? Hesabu hiyo inapima chuo zaidi ya kocha. Ohio State husajili kila mwaka vijana wa nyota nne na tano, daraja za juu kabisa za vipaji, ambao Northwestern huwaona siku ya mechi tu. Mpe kocha wa kawaida kikosi kile, atashinda mechi nane bila kutokwa jasho.

Ratiba nayo inadanganya. Tangu 2024 Big Ten ina timu 18, makundi ya Mashariki na Magharibi yamefutwa, na kila timu hucheza mechi 9 za konferensi. Yaani wapinzani 8 hukutani nao kabisa. Msimu wa 2024 Indiana na Penn State zilimaliza zote 8-1, yaani ushindi nane na kipigo kimoja. Hazikukutana, hakuna iliyocheza na Oregon kabla ya fainali ya konferensi, na kipigo pekee cha kila moja katika mechi hizo tisa kilitoka kwa Ohio State. Ohio State yenyewe ikamaliza ya nne kwa 7-2, baada ya kufungwa na Oregon 32-31 na Michigan 13-10. Januari 2025 ikaichapa Oregon 41-21 kwenye Rose Bowl, robo fainali ya taifa, kisha ikaifunga Notre Dame 34-23 na kuwa bingwa wa taifa. Anayemweka kocha wake, Ryan Day, wa nne kwa kufuata msimamo na anayemweka wa kwanza kwa kufuata kombe wote wamesoma mstari mmoja tu wa karatasi.

Kipimo cha haki kinaanza na misimu mitatu au minne ya mechi za konferensi peke yake. Ziacheni zile za Septemba dhidi ya timu ndogo zinazolipwa zije zifungwe. Kila mechi iandikiwe tofauti ya pointi, na mwenyeji apunguziwe takribani mbili na nusu. Kisha iandikwe rekodi ya mpinzani ndani ya konferensi, lakini baada ya kutoa mechi aliyocheza na timu inayopimwa. Wengi husahau hapo. Usipoitoa, kila ushindi wa kocha unamfanya mpinzani wake aonekane dhaifu, na mshindi anaadhibiwa kwa kushinda.

Mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu zitengwe. Pointi 8 ni zamu moja ya mpira: tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja kwa pointi 6, pamoja na nyongeza ya mbili. Hapo bahati ina sauti kubwa. Kocha anaweza kufundisha namna ya kuung'oa mpira mikononi mwa mpinzani, ila ukishaanguka, kwa umbo lake la yai, pande zote mbili huuokota karibu nusu kwa nusu. Nebraska ya Scott Frost mwaka 2021 ilimaliza 3-9, na vipigo vyote tisa vilikuwa vya chini ya pointi 10. Kwa msimu mzima ilifunga pointi 63 zaidi ya ilizofungwa! Ungedhani ni mkosi mtupu. Lakini ukirudi mechi kwa mechi unakuta kikosi cha mateke kikiharibu tena na tena: Oklahoma walizuia teke la pointi ya ziada wakalirudisha kwa pointi mbili, Michigan State wakarudisha teke hadi tachidauni na kusawazisha. Kosa linalojirudia mahali palepale ni la kocha.

Kuhusu vipaji, orodha za usajili za miaka minne iliyopita hazitoshi tena. Tangu 2021 mchezaji aliweza kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Tangu 2024 anahama mara nyingi apendavyo. Kinachopimwa ni kikosi kilichoko uwanjani Agosti. Curt Cignetti aliikuta Indiana ikitoka kumaliza 3-9. Akaja na wachezaji zaidi ya kumi kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifundisha, akamaliza 11-2 mwaka 2024, na msimu uliofuata 16-0 na ubingwa wa taifa. Kwotabeki wake, mchezaji anayeongoza mashambulizi, alitoka kwingine miaka yote miwili, na wa pili, Fernando Mendoza, akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wapo wanaosema huko ni kununua timu. Mbona vyuo vyenye fedha zaidi vilichagua vibaya? Kuchagua nako ni kazi ya kocha.

Rekodi za kale zinahitaji tahadhari zaidi. Kuanzia 2014 hadi 2023 Mashariki ilishinda fainali zote 10 za konferensi. Kwa hiyo mataji ya Magharibi ya Kirk Ferentz wa Iowa, 2021 na 2023, yasihesabiwe sawa na nafasi ya pili ya leo. Fainali zenyewe alifungwa 42-3 na 26-0. Na Iowa ya 2023 ilishinda mechi 10 ikiwa na mashambulizi ya kusikitisha, kwa sababu ulinzi unaofundishwa na msaidizi wake Phil Parker uliibeba. Kocha mkuu apewe sifa ya kumtunza msaidizi kama huyo kwa miaka, ila na lawama ya upande ule mwingine pia imwangukie yeye.

James Franklin ndiye anayewachanganya wengi. Akiwa kocha wa Penn State alishinda 104 na kufungwa 45, lakini dhidi ya timu kumi bora za taifa alikuwa 4-21. Kuwashinda unaopaswa kuwashinda si jambo dogo, makocha wengi hawaliwezi. Kunampa mtu nafasi ya tano au ya sita, si ya pili. Aliondolewa Oktoba 2025 baada ya vipigo vitatu mfululizo, kimojawapo kutoka UCLA iliyokuwa 0-4.

Kwa vipimo hivi, baada ya msimu wa 2025 Cignetti ni wa kwanza, Day wa pili, Dan Lanning wa Oregon wa tatu. Msimu huo Lanning alipoteza mechi mbili tu, zote kwa Indiana. Kuanzia wa saba hadi wa kumi na mbili tofauti ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe, hivyo waandikwe kundi moja bila namba. Na anayetaka Day awe juu ya Cignetti aanze kwa kueleza vipigo vinne mfululizo kutoka Michigan, 2021 hadi 2024, akiwa na kikosi bora kwenye karatasi.

Msomaji wenu