Mafuriko Yakija Ahero, Bonasi Yangu Itakatwa?

Kwa Mhariri,

Siku hizi kwa redio na hata kwa matatu watu wanasema wafanyikazi wa serikali walipwe kulingana na kazi wanayofanya, anayefikisha tageti apate bonasi, ndio tuamke. Mimi ni nesi kwa zahanati moja huku upande wa Ahero, na sipingi hiyo maneno yote. Kuna watu wanaingia kazi saa nne, wanatundika koti kwa kiti, saa saba hawaonekani tena, na mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule na wangu. Inauma, wacha nisidanganye.

Shida yangu ni hesabu yenyewe. Tageti ya chanjo haitoki kwa watoto tunaowaona, inatoka kwa makadirio ya watu wanaoishi eneo letu, na mama hajui mpaka wa zahanati, akisikia sindano ziko kwa jirani anapanda boda anaenda huko, unapata jirani amepita asilimia 100 na sisi tuko chini, na watoto ni wale wale tu. Halafu penta, ile chanjo moja ya kukinga magonjwa matano, sindano ya tatu mtoto anafaa kuipata akiwa wiki 14. Sasa wiki ya 14 ikiangukia Aprili na mto Nyando umevunja kingo? Mama amehamia shule na godoro kichwani, atakuja kliniki na nini. Mwaka mmoja tulivuka maji ya magoti, mimi na mhudumu wa afya wa kijiji, yeye amebeba boksi ya chanjo, mimi rejista ndani ya karatasi ya nailoni, viatu mkononi, tukapata watoto saba. Kwa chati ya ukutani huo ndio mwezi mbaya kuliko yote, na supavaiza alipokuja akaweka kidole hapo akaniuliza nilikuwa wapi.

Na fomu ya tathmini je? Tageti zinafaa kuandikwa Julai mwaka wa serikali ukianza, sisi tunajazishwa Juni ukiisha, yaani unaandika ulichopanga kufanya na ushakifanya. Bosi anawapea wote alama karibu sawa juu hataki vita. Sasa hebu weka pesa kwa hiyo fomu uone kama hizo alama zitabaki sawa, ama shemeji wa mtu ndiye atakuwa nesi bora.

Kandarasi za utendakazi, yaani shirika linasaini tageti halafu linapimwa nazo, si kitu mpya, zilianza hapa Kenya 2004 wakati wa Kibaki na mashirika 16 ya serikali, na 2007 Umoja wa Mataifa ukatupea tuzo. Sawa. Lakini kupima shirika zima si kama kupima mtu mmoja na glavu zimeisha tangu Jumatatu. Ukiuliza manesi nini ingewafurahisha kazini, bonasi ni ya tatu ama ya nne huko, kwanza watakuambia mshahara uingie kwa wakati, na mtu asikae gredi moja mpaka anazeeka.

Na kama ni lazima iletwe, walipe zahanati nzima pamoja. Stima ikipotea usiku, anayeamka kuwasha jenereta ili fridji ya chanjo isipate joto ni soja wetu wa geti, na huyo hayuko kwa fomu yoyote.

Nesi,
Ahero