Jumamosi Mkunazini, tukaone chokaa

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi tunakwenda Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, kabla hatujaamua kuta za kanisa letu zipigwe plasta ya saruji au ya chokaa. Tukutane mlangoni saa 3 asubuhi; si saa 4, nawajua. Nauli kila mtu ajitegemee.

Jengo lile liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa. Ni la mawe ya matumbawe kama letu, na miaka ya karibuni limekarabatiwa kwa msaada wa World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale.

Naomba tuangalie hasa kuta. Plasta ya saruji tuliyotajiwa kikaoni ni rahisi na siku ya kwanza inapendeza, lakini jiwe la matumbawe hunyonya maji, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Saruji huyafungia ndani: chumvi inajikusanya, plasta inavimba na kubanduka, jiwe linaliwa taratibu. Chokaa huuacha ukuta upumue. Ndiyo, inachelewa kukauka na mafundi wake ni adimu. Mhazini ataguna, na agune tu.

Mkifika, tazameni pia nguzo za nyuma. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha juu chini Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, akiwa safarini. Kwa hiyo na sisi msimamizi wa kazi apatikane kwanza, ndipo mchanga ununuliwe.

Anayekuja aandike jina hapa chini kabla ya Alhamisi usiku. Salamu na picha za maua tuziweke kando hadi orodha ikamilike.