Kabla hujaongeza swichi nyingine kwenye kitufe

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi sana kusikia timu zenu zimekubali kuwa na maktaba moja ya vijenzi vya kiolesura, yaani vipande vya skrini kama vitufe ambavyo programu zenu zote zitavitumia, na kwamba wewe ndiye uliyekabidhiwa. Unauliza uanze na kijenzi kipi. Anza na kitufe, ila kiheshimu.

Kitufe chetu kilianza na maneno na rangi tu. Timu moja ikaomba ikoni, nyingine umbo dogo, nyingine alama ya kusubiri, nyingine kijaze upana wote. Kila ombi nililipokea kwa kuongeza swichi ya ndiyo au hapana. Swichi nne ni michanganyiko 16, nami nilikuwa nimejaribu mitano. Siku tulipogusa nafasi ya pembeni ya maneno, zikaharibika kurasa ambazo hata sikujua zinatumia kitufe kile. Tangu hapo, ombi likija nauliza: linahitajika sehemu tatu tofauti? Kama ni moja tu, timu ile ijitengenezee kwa kuunganisha vijenzi vidogo vilivyopo. Kumkatalia mwenzako kunauma, lakini swichi ikishaanza kutumika, kuiondoa ni kazi ya miezi.

Na tafadhali, katika HTML, lugha ya kurasa za wavuti, kitufe kiwe tagi halisi ya button, si div, yaani kisanduku kitupu, iliyopakwa rangi. Button hufikiwa kwa Tab, huitikia Enter na Space, na kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti asiyeona, huitambua. Kwa div utayaandika yote hayo mwenyewe. Maandishi ya kawaida nayo yatofautiane na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, kama WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na watu wote, unavyotaka. Ukilipatia hili mara moja, asiyeona vizuri anasaidika katika kila programu mnayotoa. Ndiyo sababu naipenda kazi hii.

Ukibadilisha jina la kitu ndani ya maktaba, la zamani liendelee kufanya kazi huku likitoa onyo; liondoe pale tu unapopandisha namba ya kwanza ya toleo, tuseme kutoka 2 kwenda 3.

Nitumie orodha yako ya vijenzi kabla hujaandika msimbo. Hasa nataka kuona ulivyolifikiria dirisha dogo linaloibuka, maana hapo ndipo mtumiaji wa kibodi hupotea: likifunguka, fokasi, yaani mahali kibodi inapofanyia kazi, iingie ndani yake, likifungwa, irudi kwenye kitufe kilicholifungua.

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote