Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: tuhesabie na madarasa

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Matokeo ya Upimaji wa Darasa la Nne yalipotuweka mkiani, tuliambiwa kwenye kikao cha kata kwamba walimu wetu ni wavivu. Maneno yale yaliniuma.

Shule ina wanafunzi 150 na walimu wanne. Kwa uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, kwenye makaratasi ya ikama, yaani idadi ya walimu shule inayostahili, tumetosheka. Lakini watoto hao wametawanyika kuanzia awali hadi la saba. Ni madarasa manane, na mmoja wa walimu wanne ni mwalimu mkuu, ambaye kila mara huitwa wilayani.

Kwa hiyo la tatu na la nne hukaa chumba kimoja, ubao umegawanywa kwa mstari wa chaki. Nilifungua daftari la Hisabati la binti yangu wa darasa la nne: swali la mwisho limekatika katikati, kwa kuwa mwalimu alifuta upande wao apate pa kuwaandikia la tatu. Nikamuuliza walichosoma siku hiyo, akanisimulia hadithi ya sungura ya darasa la tatu, neno kwa neno. Mtoto huyu anasikiliza sana, ila anasikiliza somo lisilo lake.

Ruzuku, fedha za serikali za kuendeshea shule, nayo huja kwa vichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ila zinazofika shuleni ni 6,000. Kwetu ni 75,000 kwa mwezi. Shule ya wanafunzi 1,500 hupata mara kumi, lakini kufuli la ofisi na nauli ya kwenda wilayani bei ni ileile.

Najua kiwango cha ruzuku hakipangwi na wewe. Kuwapanga walimu ndani ya wilaya ni kazi ya ofisi yako, nasi tunaomba wawili wa madarasa ya chini. Wanaoshauri shule ifungwe watoto wahamie shule ya ng'ambo ya mto hawajauona mto wetu masika.

Kabla hujaamua, njoo siku ya kawaida, bila msafara, saa mbili asubuhi. Kaa dawati la nyuma kwenye chumba hicho mpaka mapumziko.

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule